Sungura weusi wakizaa mweupe: jinsi rangi ya manyoya inavyorithiwa

Una jike mweusi na dume mweusi. Unampandisha jike, na baada ya siku 31 anazaa watoto wanane. Wiki moja baadaye manyoya yanaanza kuonekana: sita ni weusi, wawili ni weupe kama pamba. Jirani anasema jike alipandwa na dume wa mtu mwingine. Mteja aliyekupa malipo ya awali anasema ulimdanganya kuhusu mbegu. Mtu wa tatu anashauri wale weupe watupwe kwa sababu ni mkosi.

Wote watatu wanaweza kuwa wamekosea. Sungura weusi wawili wanaweza kuzaa mweupe bila udanganyifu, bila dume wa jirani na bila uchawi wowote. Rangi ya sungura hufuata kanuni, na kanuni hizo zinaweza kueleweka na mtu yeyote anayefuga, hata kama hakusoma biolojia.

Makala hii inaeleza kanuni hizo kwa wafugaji wa Kampala, wakimbizi na wenyeji. Inaeleza pia lini rangi inaweza kukuambia kwamba kuna kasoro, na kwa nini usilipe pesa nyingi kwa ajili ya rangi peke yake.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Sungura wanafaa kwa mtu anayeishi kwenye nafasi ndogo. Banda la ngazi mbili linaweza kukaa nyuma ya nyumba ya kupanga huko Katwe, Nsambya au Nakulabye. Sungura hawapigi kelele, wanakula majani, na mkojo wao unaweza kuuzwa kwa wakulima wa mboga kama mbolea. Kwa mkimbizi, ambaye Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi na biashara, majike matatu na dume mmoja wanaweza kuwa mwanzo wa kipato.

Lakini mtaji wenyewe ni mdogo. Anayenunua dume kwa bei ya juu kwa kuwa ni "mweupe wa kizungu," kisha akapata watoto wa rangi asizotarajia, anahisi ameibiwa. Anayeuza naye anaitwa mwongo. Ugomvi wa namna hii unaweza kuharibu ujirani na kufika kwa mwenyekiti wa LC1, na anayeamua kesi naye huenda hajui rangi inarithiwa vipi.

Jeni ni nini?

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya mwili yanayosema kiumbe awe vipi: rangi ya manyoya, umbo la masikio, mpangilio wa meno na mengine mengi. Kwa kila jambo, sungura hubeba jeni mbili: moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Naye akizaa, humpa kila mtoto moja tu kati ya zile mbili, kwa bahati.

Jeni mbili zinapotofautiana, mara nyingi moja huonekana na nyingine hujificha. Ile inayoonekana huitwa jeni tawala. Ile inayojificha huitwa jeni fiche. Jeni fiche haipotei. Inaweza kupita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu bila kuonekana, na ikitokea siku moja ikakutana na mwenzake, inajitokeza.

Kanuni hii iligunduliwa na mtawa Gregor Mendel kwa kupanda njegere, na aliichapisha mwaka 1866. Mwaka 1905 mwanasayansi William Castle wa Marekani alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba manyoya ya sungura na ya simbilisi yanafuata kanuni hiyohiyo. Kwa hiyo familia za Kongo zilizowahi kufuga simbilisi jikoni huko Kivu zimekwisha kuyaona haya kwa macho yao, hata kama hazikupewa jina lake.

Kwa nini weusi wawili wanazaa mweupe?

Kuna jeni inayoruhusu rangi yoyote kutokea kwenye manyoya. Tuiite R kubwa. Kuna pia aina yake nyingine inayozuia rangi kabisa. Tuiite r ndogo. R ni tawala, r ni fiche.

- Sungura mwenye RR ana rangi.
- Sungura mwenye Rr ana rangi pia, lakini amebeba weupe kwa siri.
- Sungura mwenye rr hana rangi: manyoya meupe na macho mekundu.

Ukimtazama sungura mweusi huwezi kujua kama ni RR au Rr. Wote wawili ni weusi sawasawa. Sasa, kama jike ni Rr na dume ni Rr, kila mtoto anaweza kupata R mbili, au R moja na r moja, au r mbili. Kwa wastani, kati ya watoto wanne, watatu watakuwa na rangi na mmoja atakuwa mweupe.

Unaweza kuwaonyesha watoto nyumbani kwa sarafu mbili za shilingi 500. Sarafu moja ni mama, nyingine ni baba. Upande wenye nembo ya taifa ni R, upande wenye korongo ni r. Rusha sarafu zote mbili kwa pamoja mara arobaini na andika matokeo. Korongo wawili watatokea karibu mara kumi. Hao ndio watoto weupe.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu wengi huyasahau.

Kwanza, "mmoja kati ya wanne" ni wastani, si ahadi. Wazazi wawili wenye Rr wanaweza kuzaa watoto wanane na asiwepo mweupe hata mmoja. Hilo hutokea takriban mara 10 katika kila mara 100. Kwa hiyo uzao mmoja usio na weupe hauthibitishi kwamba dume wako hana jeni fiche.

Pili, mtoto mweupe akitokea, ni lazima wazazi wote wawili wawe wamebeba r. Kwa hiyo si haki kumlaumu jike peke yake, au kumlaumu aliyekuuzia dume peke yake. Na wale ndugu zake weusi? Wawili kati ya kila watatu wamebeba weupe kwa siri. Ukiwauza kama mbegu, mwambie mnunuzi mapema.

Nawezaje kujua kama dume wangu amebeba weupe?

Mpandishe kwa jike mweupe mwenye macho mekundu. Jike huyo ni rr, hana cha kuficha. Kama dume ni Rr, karibu nusu ya watoto watakuwa weupe. Kama ni RR, wote watakuwa na rangi. Wakizaliwa watoto saba na wote wana rangi, uwezekano kwamba dume bado anaficha weupe ni mdogo sana: dume mwenye Rr hupata matokeo kama hayo mara 1 tu katika mara 128.

Vipi kuhusu Chinchilla na Californian?

Jeni hii ya rangi haina sura mbili tu. Ina sura kadhaa, na nne ndizo zinazokutana zaidi na mfugaji wetu. Zimepangwa kwa nguvu, kuanzia ya juu kwenda chini:

1. Rangi kamili: nyeusi, kahawia, rangi ya porini na kadhalika.
2. Chinchilla: rangi ya njano inaondolewa, sungura anaonekana wa fedha.
3. Californian: mwili mweupe, lakini masikio, pua, miguu na mkia ni vyeusi.
4. Nyeupe kabisa, kama New Zealand White.

Ya juu huificha ya chini. Na sungura hubeba mbili tu kati ya hizo nne, hawezi kubeba tatu.

Kwa hiyo ukimpandisha Californian safi kwa New Zealand White, usitarajie watoto weupe kabisa. Wote watakuwa na alama kwenye masikio na pua, pengine zilizofifia kidogo. Ukija kuwapandisha watoto hao wao kwa wao, mmoja kati ya wanne atakuwa mweupe kabisa. Aliyekuuzia hakukudanganya. Mbegu zimefanya kazi yake.

Californian ana jambo lingine la kushangaza. Rangi yake hutegemea baridi. Jeni yake hutengeneza rangi pale tu ngozi inapokuwa na ubaridi, na ndiyo maana sehemu za pembeni za mwili, zilizo mbali na joto la tumbo, ndizo nyeusi. Watoto huzaliwa bila alama hizo, na alama hujitokeza wanavyokua. Watoto waliopata baridi kwenye sanduku la kuzalia wanaweza kuota manyoya ya kijivu mgongoni, ambayo baadaye huondoka. Vivyo hivyo, sungura aliyekulia kwenye baridi ya Kabale anaweza kuwa na alama nyeusi zaidi kuliko ndugu yake aliyekulia kwenye joto. Jeni ni zilezile.

Aina hizi zenyewe zilitoka wapi?

Watu wengi hudhani New Zealand White alitoka New Zealand. Aina hii ilitengenezwa Marekani, na sungura wa kwanza wa New Zealand walikuwa wekundu. Karibu mwaka 1917 mfugaji William Preshaw wa California alipata watoto weupe katika uzao wa sungura wake wekundu. Hakuwatupa. Aliwatenga, akawazalisha, na leo uzao wa namna hiyo umeenea duniani kote kama sungura wa nyama.

Naye Californian alianza mwaka 1923, pale George West, pia wa California, alipochanganya sungura wa Himalaya na Chinchilla, na baadaye New Zealand White.

Yaani yule mweupe ambaye leo mtu analipa pesa nyingi kumnunua, alianza kama mtoto asiyetarajiwa wa wazazi wenye rangi.

Nyeusi, kijivu, kahawia na rangi ya porini

Jeni nyingine, zilizo tofauti na ile ya R, huamua ni rangi gani itakayoonekana pale rangi inaporuhusiwa.

Rangi ya porini. Hii ni ile rangi ya kijivu na kahawia iliyochanganyika, tumbo jeupe. Puliza manyoya ya mgongoni: utaona kila unywele una mistari, kijivu chini, rangi ya machungwa katikati, ncha nyeusi. Rangi hii ni tawala. Nyeusi tupu ni fiche kwake. Kwa hiyo wawili wenye rangi ya porini wanaweza kuzaa mweusi, lakini weusi wawili kwa kawaida hawazai mwenye rangi ya porini.

Nyeusi au kahawia ya kahawa. Nyeusi ni tawala, kahawia ni fiche.

Iliyokolea au iliyofifia. Jeni moja fiche hufifisha rangi. Nyeusi iliyofifia huwa kijivu cha moshi, ambacho wafugaji wengi hukiita "bluu". Wawili wenye bluu hawazai mweusi, lakini weusi wawili wanaweza kuzaa bluu.

Sasa kumbuka sungura mweupe. Weupe wake ni kama shuka lililofunika kitanda: chini yake kuna rangi nyingine ambayo huioni. Ndani yake anaweza kubeba jeni za rangi ya porini, za nyeusi au za bluu. Ndiyo maana dume mweusi akipanda jike mweupe, watoto wote wanaweza kutoka na rangi ya porini. Watu husema sungura wa msituni aliingia usiku. Haiwezekani. Sungura wakubwa wa porini tunaowaona kwenye nyasi za Afrika Mashariki ni mnyama wa jamii nyingine, mwenye kromosomu 48, wakati sungura wa kufuga ana 44. Hawazai pamoja. Rangi ile ilitoka kwa mama yao mweupe.

Angalia pia macho. Mweupe mwenye macho mekundu na mweupe mwenye macho ya bluu hawafanani kijeni. Weupe wao unatokana na jeni tofauti. Ukiwapandisha hao wawili, unaweza kupata watoto wenye rangi tupu, na hakuna aliyekosea.

Tahadhari kuhusu sungura wenye madoadoa

Sehemu hii inahusu afya ya wanyama, si sura yao tu.

Sungura mweupe mwenye madoa meusi mwilini, mstari mgongoni na alama puani kwa kawaida hubeba jeni moja ya madoa na moja isiyo na madoa. Ukiwapandisha wenye madoa wawili, kwa wastani utapata:

- mmoja kati ya wanne asiye na madoa;
- wawili kati ya wanne wenye madoa ya kawaida;
- mmoja kati ya wanne mwenye weupe mwingi na madoa machache sana.

Huyu wa mwisho amepata jeni ya madoa kutoka pande zote mbili. Sungura wa namna hii huwa katika hatari kubwa ya ugonjwa wa utumbo: utumbo mpana hupanuka, chakula hakisagwi vizuri, mnyama hakui na anaweza kufa mapema. Mfugaji humpa dawa ya minyoo, hubadilisha majani, hununua dawa nyingine, na hali haibadiliki, kwa sababu tatizo ni la kuzaliwa nalo.

Suluhisho ni rahisi na halina gharama: usimpandishe mwenye madoa kwa mwenye madoa. Mpandishe kwa sungura wa rangi moja. Nusu ya watoto watakuwa na madoa, na hakuna atakayepata jeni hiyo mara mbili.

Sungura wa aina ya Dutch, wenye mkanda mweupe mabegani, hawamo katika onyo hili. Alama zao zinatokana na jeni nyingine.

Je, rangi inaweza kuonyesha kwamba baba ni dume mwingine?

Wakati mwingine, ndiyo. Tumia mwongozo huu kabla ya kugombana:

Wazazi wote wana rangi, mtoto ni mweupe. Ni jambo la kawaida. Haithibitishi chochote kibaya.

Wazazi wote ni weupe kabisa, wenye macho mekundu, na mtoto ana rangi. Hapa kuna swali. Wawili kama hao hawana R ya kumpa mtoto. Inawezekana jike alikutana na dume mwingine, au aliuzwa akiwa tayari na mimba. Hesabu siku: mimba ya sungura huchukua takriban siku 31. Akizaa wiki mbili baada ya kumnunua, mimba alikuja nayo.

Wazazi wote ni bluu, mtoto ni mweusi. Hapa pia kuna swali.

Wazazi wote ni weusi, mtoto ana rangi ya porini. Kwa kawaida kuna swali, ingawa ipo aina moja ya weusi, isiyo ya kawaida, inayoweza kuficha rangi ya porini. Usiape mbele ya watu kwa ushahidi huu peke yake.

Kumbuka pia kwamba yai la sungura hutoka saa kumi hivi au zaidi baada ya kupandwa. Jike akikutana na madume wawili siku moja, watoto wa uzao mmoja wanaweza kuwa na baba wawili. Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, shuhudia mwenyewe akipandwa, kisha mrudishe kwake. Tenganisha watoto wa kiume na wa kike wanapofikisha umri wa miezi mitatu.

Je, mweupe ana nyama nyingi kuliko mweusi?

Hapana. Rangi haiongezi uzito. New Zealand White hukua vizuri kwa sababu amechaguliwa kwa miaka mingi kwa ajili ya nyama, si kwa sababu ni mweupe. Viwanda vya ngozi huko ng'ambo vilipenda weupe kwa kuwa manyoya meupe hupakwa rangi yoyote kwa urahisi. Anayeuza nyama Kampala hafaidiki na hilo, kwa maana mteja hununua sungura aliyekwisha kuchunwa.

Na weupe wenyewe si cheti cha mbegu. Mtoto mweupe anaweza kuzaliwa na wazazi wadogo, wanyonge, wasio na ukoo wowote wa New Zealand. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Unaponunua mbegu, acha rangi iwe swali la mwisho. Uliza na uangalie kwanza:

- Uzito na umri. New Zealand White aliyekomaa huwa na kilo 4 hadi 5. Beba mizani, au omba apimwe mbele yako.
- Mama yake huzaa watoto wangapi, na wangapi hufika umri wa kuachishwa?
- Meno ya juu na ya chini yanakutana vizuri?
- Masikio hayana ukoko, pua haina kamasi, kinyesi ni vidonge vikavu?
- Baba na mama yake ni ndugu?

Mweupe mwenye macho mekundu huumizwa na mwanga mkali. Ukimfuga, hakikisha banda lina kivuli.

Jeni fiche nyingine huzioni

Mtoto mweupe hana madhara, lakini anatufundisha jambo kubwa. Kama weupe ulijificha vizazi vitatu bila wewe kujua, mambo mengine nayo yanaweza kujificha vivyo hivyo. Meno yanayopishana ni mfano: yanaweza kurithiwa kwa njia ya jeni fiche. Meno ya sungura hayaachi kukua. Yasipokutana hayasagiki, yanarefuka, na mnyama anashindwa kula.

Jeni fiche hukutana kwa urahisi zaidi ndugu wanapopandishwa wao kwa wao, au baba na binti yake. Hili ni tatizo la vikundi vingi vinavyoanza na dume mmoja. Kikundi kinapata majike matano na dume mmoja. Baada ya mwaka, sungura wote wachanga ni watoto wa baba mmoja. Wakipandishwa wenyewe kwa wenyewe, uzao hupungua, vifo huongezeka, na wanachama hudhani ni ugonjwa.

Njia ya kuepuka ni kubadilishana madume. Kikundi cha Makindye kinaweza kubadilishana dume na kikundi cha Kawempe kila baada ya mwaka mmoja. Walio na jamaa Nakivale, Kyaka II au Kyangwali wanaweza kufanya hivyo na vikundi vya huko. Dume mgeni akae peke yake wiki mbili kwanza, ili asilete magonjwa.

Na mtoto mwenye meno mabaya asitumike kama mbegu. Wazazi wake nao wasipandishwe tena pamoja.

Weka daftari

Daftari la shule linatosha. Kwa kila uzao andika: tarehe ya kupandisha, jina au namba ya jike, namba ya dume, tarehe ya kuzaa, idadi ya watoto, rangi zao, na waliokufa. Andika rangi wakifikisha siku kumi, manyoya yakishaota.

Baada ya mizao mitatu au minne utajua dume yupi amebeba weupe, yupi amebeba bluu, na jike yupi hutunza watoto wake. Mteja akilalamika, utamwonyesha maandishi. Mwenye daftari ana haki ya kuomba bei nzuri kuliko mwenye sungura mweupe asiyejua alikotoka.

Je, kanuni hii inahusu binadamu?

Rangi ya binadamu huamuliwa na jeni nyingi, na si rahisi kama ya sungura. Lakini ualbino hurithiwa kwa njia tuliyoieleza: kwa kawaida baba na mama wote wamebeba jeni fiche bila kujua, na kwa kila mimba kuna uwezekano wa mara 1 kati ya 4 kwamba mtoto atazaliwa na ualbino. Si laana, wala si ushahidi kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Katika nchi zetu kuna akina mama walioachwa, na watoto waliodhuriwa, kwa sababu ya imani hizo. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, msaada wa kuona vizuri darasani, na ulinzi wa jirani zake.

Wapi pa kuuliza zaidi

Kampala ina sheria ndogo kuhusu ufugaji mjini. Kabla ya kujenga banda, zungumza na mwenye nyumba, kisha muulize afisa mifugo wa divisheni yako: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa au Rubaga. Kituo cha kilimo cha KCCA kilichopo Kyanja hufundisha kilimo na ufugaji wa mjini. Ukiwa makazini, muulize afisa mifugo wa wilaya au kiongozi wa kamati ya wakimbizi.

Mambo ya kukumbuka

- Sungura wenye rangi wanaweza kuzaa weupe. Jeni fiche ilitoka kwa wazazi wote wawili.
- Weupe kabisa wenye macho mekundu hawazai wenye rangi. Wakizaa, hesabu siku za mimba kabla ya kumlaumu mtu.
- Usipandishe mwenye madoa kwa mwenye madoa.
- Usitupe mtoto kwa sababu ya rangi. Nyama yake ni sawa na ya wenzake.
- Lipa pesa kwa uzito, afya na kumbukumbu, si kwa rangi.
- Badilisheni madume kila mwaka, na andikeni kila uzao.